Miezi Minne ya Albertville

Kabalo ni mji wa makutano. Mto Lukuga, unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika, unaingia Lualaba karibu na hapa. Reli kutoka ziwani ilifika mwaka 1915, na mwaka 1956 njia ya Kabalo ikaungana na ile ya kusini, hata msafiri akaweza kutoka Albertville, Kalemie ya leo, mpaka Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kwa gari la moshi. Kwa sababu hiyo kila aliyetaka kuishika Katanga ya Kaskazini kwa mabavu aliitafuta Kabalo kwanza.

Aprili 1961 walikuja mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo. Walikuwa Wazungu wanaosema Kiingereza, walioandikishwa Afrika Kusini, Rhodesia na Uingereza. Majandarme wa Katanga walikuwa wametoka kuuteka Manono mwishoni mwa Machi, na Kabalo ilikuwa zamu yake. Hapa wakawakuta askari wa Umoja wa Mataifa (ONU) kutoka Ethiopia. Mamluki 30 walitiwa mbaroni, wakahojiwa, na maelezo yao yakaifikia New York. Tangu siku hiyo Tshombe hakuweza tena kuiambia dunia kwamba vita vyake vilikuwa vya Wakatanga peke yao.

Agosti 1964 mamluki walirudi Katanga ya Kaskazini. Safari hii hakuna askari wa ONU aliyewakamata, kwa kuwa kikosi cha ONU kilikuwa kimeondoka Kongo tarehe 30 Juni mwaka huo. Walikuja na jeshi la taifa, kwa mshahara wa serikali halali, na waziri mkuu aliyewaajiri alikuwa Moïse Tshombe yuleyule. Nchi aliyoiongoza sasa ilikuwa Kongo nzima.

Ilikuwaje mtu aliyeshindwa Januari 1963, akakimbilia Ulaya, arudi katikati ya 1964 akiwa mkubwa kuliko alivyoondoka? Vitabu vitakujibu kwa kutaja Ubelgiji, Marekani, shaba, Union Minière na Vita Baridi, na majibu hayo ni ya kweli. Lakini iko sehemu ya jibu iliyo yetu, ya watu wa kaskazini, na hiyo ndiyo tunayokwepa kuwasimulia vijana wetu. Ni habari ya chama cha Balubakat na ya viongozi wake wawili, Jason Sendwe na Prosper Mwamba Ilunga.

Sendwe alizaliwa 1917 katika nchi ya Kabongo, akasomea shule za Wamethodisti, akawa msaidizi wa daktari, kwa kuwa Mkongo wa zama zile hakuruhusiwa kupanda zaidi ya hapo katika udaktari. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Balubakat, umoja wa Baluba wa Katanga. Mwanzoni umoja huo ulikaa pamoja na Conakat, chama alichokuja kukiongoza Tshombe. Ulipoona Conakat inaegemea kwa walowezi wa Kibelgiji na kuiongelea Katanga kama nchi ya peke yake, ulijitoa Novemba 1959. Ukaungana na vyama vingine viwili, ATCAR ya Wachokwe na FEDEKA ya Baluba waliotoka Kasai, na muungano huo ukaitwa Kartel.

Nataka tutulie kidogo kwenye Juni 1960, kwa sababu ndipo unapoonekana uwezo wa watu waliokataa kutenganishwa.

Uchaguzi wa Mei ulikuwa wa baraza la jimbo lenye viti 60. Conakat ilipata 25, Kartel 23, vilivyobaki vikaenda kwa vyama vidogo na watu huru. Kwa kura za wananchi Kartel iliizidi Conakat, lakini viti havikugawanywa kwa njia hiyo. Sheria ya Msingi, iliyoandikwa Brussels, ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo kabla baraza halijaunda serikali ya jimbo. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Kartel ikatoka nje. Fanya hesabu mwenyewe: 60 ukitoa 23 wanabaki 37. Tshombe alikuwa na watu, fedha na marafiki, lakini alipungukiwa wajumbe watatu tu.

Hebu fikiri juu ya hao watatu. Miongoni mwa wale 23 walikuwamo Baluba wa kaskazini, Wachokwe, na watu waliotoka Kasai ambao Conakat iliwaita wageni. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani wala hawakupendana wote. Kila mmoja angeweza kufuatwa usiku na kuahidiwa uwaziri. Wangeanguka watatu tu, mambo yangekuwa yamekwisha. Siku zikapita na akidi haikutimia. Ilibidi Bunge la Ubelgiji, wiki mbili kabla ya uhuru wa Kongo, libadilishe sheria yenyewe ili wingi wa kawaida utoshe. Mara baada ya hapo Tshombe akawa na serikali yake, na tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga.

Kartel ilishindwa siku ile. Lakini angalia ilivyoshindwa: kumshinda kulihitaji dola ya Ulaya ibadilishe sheria. Ndani ya chama hakupatikana mtu wa kununuliwa wala wa kuchochewa.

Nje ya chama walipatikana. Ufalme wa Baluba ulikuwa umegawanyika tangu mwisho wa karne ya 19, wakati warithi wawili wa kiti, Kabongo na Kasongo Nyembo, walipopigana mpaka Wabelgiji wakaja na kuukata mgogoro kwa kuikata nchi: kila mmoja akabaki na upande wake. Kinyongo kile kilirithishwa pamoja na viti. Ilipofika 1960, kiti cha Kabongo kiliiunga mkono Balubakat na kiti cha Kasongo Nyembo kikasimama na Tshombe. Tshombe hakuanzisha ugomvi huo. Aliukuta una umri wa zaidi ya miaka 60, tayari kwa matumizi. Wabelgiji walikuwa wameutumia kabla yake. Mtu akiniuliza kwa nini nahangaika na ugomvi wa viongozi waliokwisha kufa, hilo ndilo jibu langu: ugomvi usioamuliwa haufi pamoja na wenyewe, unangoja mtu mwingine aje autumie.

Vita vikaja kaskazini. Majandarme walichoma vijiji. Vijana wa Balubakat, wale walioitwa jeunesse, wakakata reli na kuvizia barabara. Hawakuwa malaika. Novemba 1960, kule Niemba, kwenye njia ya reli kati ya Kabalo na ziwa, waliwashambulia askari wa ONU kutoka Ireland wakiwadhania adui, na Waairishi 9 wakapoteza maisha. Mwezi uliotangulia Sendwe alikuwa amezunguka kaskazini chini ya ulinzi wa ONU akiwasihi watu watulie. Wapo waliomsikiliza. Wapo walioona kwamba mtu anayekuja na magari ya wageni na kurudi nao hana haki ya kumwambia aliyechomewa nyumba atulie.

Hapo ndipo kinyongo kilipoota mizizi. Kazi ilikuwa imegawanyika pande mbili, na kila upande ulianza kuihesabu kazi yake kuwa ndiyo kazi yenyewe. Sendwe alikuwa mji mkuu, Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, bungeni, kwenye mikutano na Umoja wa Mataifa. Waziri mkuu Lumumba alikuwa amemchagua kuwa kamishna wa serikali kuu kwa Katanga, cheo ambacho Tshombe hakumruhusu akitumie hata siku moja. Mwamba Ilunga alikuwa huku. Januari 1961, askari wa serikali ya wafuasi wa Lumumba pale Stanleyville, Kisangani ya leo, walipoingia Manono, yeye ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wa jimbo walilolitangaza, Jimbo la Lualaba, likiwa na majandarme upande mmoja na njaa upande wa pili. Machi mji ukachukuliwa. Agosti mwaka huohuo, Cyrille Adoula alipounda serikali ya maridhiano, Sendwe alipewa unaibu waziri mkuu.

Jiweke mahali pa kila mmoja. Mwamba Ilunga na wenzake walikuwa na haki ya kusema: sisi tumelala porini, tumezika watu, na aliye mbali ndiye anayekaa kwenye kiti cha ngozi kwa jina letu. Sendwe naye alikuwa na haki ya kusema: chama hiki nimekianzisha mimi, ONU ingekuwa haijafika Kabalo bila mtu wa kuisukuma kule mji mkuu, na bunduki za Manono hazikuumaliza utengano. Maneno yote mawili ni ya kweli. Watu wengi wakisikia habari ya ugomvi wa kisiasa hutafuta nani mwongo. Katika habari hii ukimtafuta mwongo utakosa funzo lote. Palikuwa na watu wawili wenye madai ya haki, na madai yote mawili yalihitaji kikao cha wanachama, wakubwa na wadogo, cha kuyasikiliza mpaka mwisho.

Badala yake madai yalikwenda yakikusanya watu. Waliotoka territoire moja na huyu wakajipanga nyuma yake, waliotoka kwingine wakajipanga nyuma ya mwenzake. Vijana ambao bunduki ilikuwa imewakuza walimwona Sendwe mpole mno kwa Léopoldville. Mmoja wa vijana hao wa Balubakat aliitwa Laurent-Désiré Kabila. Mwaka 1962 kaskazini ikapata ilichokuwa ikikililia: Nord-Katanga, jimbo lake lenyewe, makao yake Albertville. Mwanzoni mwa 1963 utengano ukafa. Adui aliyekuwa amewafunga pamoja akaondoka, na palepale yakafunguka yaliyokuwa yamefunikwa. Sendwe alipoteza nafasi yake katika serikali kuu, akarudi jimboni, na Septemba 1963 baraza likamchagua kuwa rais wa Nord-Katanga. Kwa waliokuwa upande wa Mwamba Ilunga hilo lilikuwa kama kurudishiwa jeraha.

Yaliyofuata yalichukua miezi minne.

Machi 1964 baraza la jimbo lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Sendwe, likamweka Fortunat Kabange Numbi mahali pake. Aprili Sendwe akarudishwa. Katikati ya Mei, Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot, waliokuwa wakiipinga serikali kuu na wakijipanga kutokea Bujumbura. Mwishoni mwa Mei maasi yakalipuka Albertville kwenyewe. Jeshi likaurudisha mji kwa muda mfupi. Tarehe 19 Juni waasi wakauchukua mji, na Jason Sendwe akauawa. Alikuwa na miaka ipatayo 47. Mkono uliomuua unabishaniwa mpaka leo, na mimi sina nia ya kuongeza jina lolote kwenye ubishi huo.

Ninachotaka uone ni mpangilio wa miezi hiyo. Waasi walipokuwa wakijiandaa ng'ambo ya mpaka na watu wakizidi kuinung'unikia serikali iliyoshindwa kulipa mishahara na kufungua barabara, wajumbe wa Albertville walikuwa wakihesabu kura za kumwangusha mtu wao na kura za kumrudisha. Baraza lilelile lililopaswa kuwa ngome likawa uwanja wa kulipizana. Mnamo Juni 1960 wajumbe 23 walitumia hesabu ya viti kumzuia Tshombe. Mnamo Machi 1964 watu wa chama hichohicho walitumia hesabu ya viti kuzuiana wao kwa wao. Na askari wa serikali kuu, ambaye ndani ya majuma machache ameambiwa rais ni huyu, kisha ni yule, kisha ni huyu tena, mtarajie amfie nani?

Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru aliwasili Léopoldville mwishoni mwa Juni 1964, wiki moja baada ya Sendwe kuuawa. Tarehe 10 Julai, wiki tatu kamili tangu kifo kile, Moïse Tshombe alikuwa waziri mkuu wa Kongo. Mtu pekee wa kaskazini aliyekuwa na jina la kusimama mbele yake na kusema "huyu hapana" alikuwa ndani ya kaburi. Tarehe 30 Agosti Albertville ikarudi mikononi mwa serikali, na watu wa reli na wa ziwa wakawaona tena mamluki wakipita.

Wapo watakaosema kwamba maasi ya 1964 yangekuja hata Sendwe na Mwamba Ilunga wangekuwa wamoja, kwa kuwa yaliwaka mpaka Stanleyville, mahali ambapo Balubakat haikuwa na kitu. Nakubali. Uasi ungekuja. Lakini ungelikuta jimbo lenye rais mmoja, chama kimoja, na vijana wenye mtu wa kumsikiliza. Ulichokikuta ni vijana waliokwisha kuaminishwa na watu wao wenyewe kwamba Sendwe ni adui. Kati ya kushindwa na mgeni na kushindwa na nduguyo akishirikiana na mgeni kuna tofauti kubwa, na kaskazini iliilipia tofauti hiyo.

Hata waasi hawakupona ugonjwa huo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kundi la Wakuba weusi, akaingia milima ya Fizi, akapewa jina la Tatu. Alikuja kufundisha vita. Alichokikuta ni viongozi waliokuwa na muda mwingi wa kushutumiana, wengi wao wakiwa mbali na wapiganaji wao, kila mmoja akiwa na watu wake, fedha zake na malalamiko yake juu ya mwenzake. Novemba mwaka huohuo alivuka kurudi Kigoma akiwa ameshindwa, na siku chache baadaye mkuu wa jeshi, Mobutu, akatwaa madaraka. Mobutu alivifungia vyama vyote: cha Sendwe, cha Mwamba Ilunga, cha Tshombe, vyote kwa pamoja. Mwaka 1966 jimbo la Nord-Katanga, lile lililogharimu Manono, Niemba na Kabalo, lilifutwa kwa amri na kurudishwa ndani ya Katanga moja.

Tulilipata tena lini? Mwaka 2015, mkoa wa Tanganyika ulipoundwa wenye Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu, na upande wa Kabongo na Kamina ukaenda mkoa wa Haut-Lomami. Miaka 49. Mtu aliyezaliwa mwaka ule jimbo lilipofutwa alikuwa na wajukuu lilipofufuka.

Habari hii si ya Kongo peke yake, na nitaitaja Kenya kwa sababu Wakenya waliionja pande zote mbili. Mwaka 1992 chama cha FORD, kilichokuwa kimeutikisa utawala wa Daniel arap Moi, kilipasuka kwa sababu Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba kila mmoja alijiona ndiye anayestahili. Matiba alikuwa ametoka kizuizini na mwili uliovunjika; Jaramogi alikuwa amesubiri tangu miaka ya 60. Nani angemwambia mmoja wao kwamba hana haki? Mwai Kibaki akasimama na chama chake. Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, waliobaki wakigawana zaidi ya asilimia 60 bila kupata urais. Ilipofika Oktoba 2002, Raila Odinga, mtoto wa Jaramogi, alisimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha." Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa na tamaa yake ya urais kama mwanasiasa yeyote. Aliiweka kando kwa hesabu, na Kibaki alipoumia katika ajali ya gari Desemba, Raila ndiye aliyezunguka nchi akimwombea kura. Kibaki aliapishwa kwenye kiti cha magurudumu akiwa na karibu asilimia 62.

Na Wakenya wanajua yaliyofuata. Makubaliano yaliyoandikwa kabla ya uchaguzi hayakuheshimiwa, kinyongo kilichowekwa kando hakikupewa siku ya kusikilizwa, na mwaka 2005 wale waliokuwa wameshikana mikono wakawa kwenye kambi mbili za kura ya maoni ya katiba, kisha ukaja uchaguzi wa 2007 na damu yake. Kwa hiyo nikisema mtu aweke kinyongo kando, simwombi akimeze. Kinachomezwa hurudi. Namwomba akiweke mahali penye saa na tarehe: adui akishaondoka, siku fulani, mbele ya wanachama fulani, tutakaa na kila mmoja atasema lake, na uamuzi utaandikwa. Chama kisichoweza kuwapa viongozi wake ahadi ya namna hiyo na kuitimiza hakina haki ya kuwadai uvumilivu.

Sasa nije kwetu leo. Tangu mkoa urudi, baraza la Tanganyika pale Kalemie limejifunza upesi silaha ya Machi 1964. Mwaka 2021 gavana Zoé Kabila aliangushwa kwa kura ya wajumbe. Siandiki kumtetea wala kumshutumu. Wajumbe wana haki hiyo kwa katiba, na gavana mbaya aondolewe. Ninachouliza ni kile ambacho raia wa Kabalo anauliza akisubiri treni isiyojulikana itafika lini: baada ya kumwangusha huyu na kumweka yule, barabara ya Nyunzu imesogea? Kule Nyunzu na Kabalo vita vya Watwa na Baluba viliwafukuza mamia ya maelfu ya watu majumbani mwao kuanzia 2016. Katika miaka hiyo, nani kati ya wanasiasa wetu alikwenda kijijini na mpinzani wake, wakakaa kwenye mkeka mmoja mbele ya Mtwa na Muluba? Watu wanaotazama wakubwa wao wakigawanyika kwa sababu ya kiti watagawanyika kwa sababu ya shamba, na watatumia mishale.

Vijana mnaoingia kwenye vyama sasa, mtasikia sana jina la Sendwe. Litatumiwa kwenye mikutano, kwenye fulana, kwenye hotuba za watu wanaotaka kura za Baluba. Mtasikia kidogo sana jina la Mwamba Ilunga. Ukiwa na nia ya kujifunza, yasome majina hayo mawili pamoja. Muulize mzee aliye na umri wa kutosha nani alikuwa upande gani, halafu muulize swali gumu zaidi: wale wa upande wa pili, baba yake aliwahi kukaa nao tena baada ya 1964?

Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028. Ndani ya kila chama hapa Kabalo, na ndani ya kila muungano wa vyama, kuna mtu aliyenyang'anywa nafasi kwenye orodha ya wagombea, kuna mwenyekiti aliyeondolewa bila kuitwa, kuna aliyetoa fedha zake za kampeni mwaka 2023 na hakurudishiwa hata salamu. Madai yao mengi ni ya haki. Wenyeviti wa matawi, mnawajua kwa majina na kwa nyumba. Msingoje waende redioni, wala msingoje mgombea wa upande mwingine awatembelee usiku na bahasha. Waiteni mwaka huu, wasikilizeni wote mbele ya wanachama, andikeni mlichoamua, na mtimize mlichoandika kabla ya kuanza kugawana nafasi.